Mpaka Mti Ule Uanguke

Madalali wa nyumba wana kamusi yao. Nyumba ndogo huiita ya kupendeza, nyumba mbovu huiita yenye fursa, na Glenmarra, ule ukingo wa mwisho wa Sydney upande wa kaskazini, huuita "mtaa wa majani mengi uliopakana na pori". Wameyaandika maneno hayo hayo tangu Glenys Pascoe alipohamia hapo akiwa bi harusi, na mpaka leo utayakuta kwenye kila tangazo, pamoja na picha ya barabara iliyofunikwa na matawi huku na huku. Kuhusu shule wanasema ni nzuri. Kuhusu treni wanasema iko karibu. Kuhusu watu wa Glenmarra hawasemi neno, na wanafanya vyema, maana wangesema kweli wasingeuza hata banda la kuku.

Watu wa Glenmarra wanapenda miti, jamani, wanaipenda mno, ili mradi iwe ya jirani. Mti wa jirani ni kivuli, ni ndege, ni hewa safi. Mti wako wewe ni majani kwenye gata la paa, mizizi kwenye bomba la choo, na tawi linaloning'inia juu ya gari jipya. Ndiyo maana kila baada ya muda mti fulani mzuri, uliosimama pale kabla babu zao hawajashuka melini, hukauka bila ugonjwa wowote, na ghafla mtu fulani anaona maji ya ghuba akiwa amekaa sebuleni kwake. Wenzake hupita na mbwa wao wakisema maskini, umezeeka. Wanafiki wakubwa.

Halmashauri nayo ilichoka kuchezewa ikatunga adhabu yake. Mti ukiuawa kwa sumu hauondolewi. Unaachwa hapo hapo, mkavu, miaka nenda miaka rudi, mpaka upepo uuangushe wenyewe. Tena mbele yake husimamishwa bango kubwa kama ukuta wa chumba, limeandikwa MTI HUU UMEUAWA, na huelekezwa kwenye dirisha la yule anayeshukiwa, ili aliyetaka kutazama maji atazame maandishi. Mahakamani hafiki mtu, maana hakuna aliyeona. Lakini bango linaonwa na wote, hata na mleta barua.

Glenys aliipenda adhabu hiyo kuliko sheria zote za nchi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwembamba, mwenye kofia iliyochakaa na ulimi ambao haukustaafu. Kila Jumamosi aliongoza kikundi cha majirani kuingia porini nyuma ya nyumba zao kung'oa magugu. Na msidhani ni kazi ya kung'oa kwa vidole tu. Iko miti ya kigeni iliyotoroka kwenye bustani za watu na kuvamia pori, mizizi yake haing'oleki hata kwa trekta, na hiyo dawa yake ni sumu. Wapenda pori nao huua. Glenys aliwafundisha wote kwa maneno matatu: toboa, jaza, ziba. Unatoboa shina kwa drili, tundu likielekea chini, unajaza sumu papo hapo kabla mti haujafumba mdomo, unaziba kwa puti ya mafundi. Ukisimama katikati kupiga soga, mti unapona na wewe umepoteza asubuhi yako.

Sumu yao waliichanganya na rangi ya buluu. Hiyo ni desturi ya vikundi vya pori, ili mtu asirudie kujaza tundu lililokwisha kujazwa, na ndiyo maana ukimwona mtu Glenmarra ana vidole vya buluu hadi Jumatano, huna haja ya kumuuliza Jumamosi alikuwa wapi. Chupa ilikaa kwenye kibanda cha Glenys, kibanda kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulitundikwa kwenye msumari jikoni kwake, karibu na friji. Wengine wote walikuja mikono mitupu, wakapewa vifaa, wakavirudisha.

Mti wenyewe tunaousema hapa ulikuwa jamaa wa mkaratusi, wa zamani, gome lake laini lenye rangi ya waridi, matawi yamepinda kama viwiko vya mtu anayebishana. Ulisimama nje ya uzio wa nyuma, kwenye ardhi ya umma, katikati ya nyumba ya akina Pascoe na nyumba ya Goran Vidak. Juu kwenye tundu lake waliishi bundi, dume na jike, na kila mwaka walilea kinda. Bundi wa Glenmarra hana nuksi. Watu wazima huja na darubini, wananong'ona kama wako kanisani, wanarudi nyumbani wamefurahi.

Mumewe Glenys, Mervyn, yeye hakuupenda. Merv alikuwa fundi bomba, mtu mpole wa maneno machache, na alikuwa akiishi na mti ule kwa uvumilivu kama mtu aishivyo na mkwe, mpaka ule mwaka wa moto mkubwa. Pori liliwaka kutoka magharibi, jua likawa jekundu mchana, na Merv alipanda juu ya paa na mpira wa maji akamwagia cheche zilizokuwa zikidondoka kutoka kwenye matawi ya mti ule ule. Nyumba ilipona. Merv hakupona. Tangu hapo kila upepo wa joto ukivuma alitoka nje kunusa. Alifagia gata hata pasipo na jani. Aliiomba halmashauri ukatwe, ikakataa, mti unalindwa. Akamwomba mkewe wahame, waende pwani kusini kwa nduguye, kwenye kijumba cha matofali chenye bahari mbele na lami pande zote. Aliomba leo, akaomba kesho, na Glenys alikuwa na jibu moja.

"Siondoki hapa mpaka mti ule uanguke."

Mara ya kwanza alilisema akicheka. Baadaye akalisema bila kucheka. Mwishowe likawa mzaha wa nyumba nzima, wageni wakilisubiri mezani, na hata daktari wa Merv, aliyewaita wote wawili kuzungumzia jinsi mzee asivyolala, alijibiwa hivyo hivyo. Merv alikuwa akitabasamu kila mara aliposikia, na Glenys, aliyesomesha watoto wa watu maisha yake yote na kujua nani anacheka na nani anajifanya, hakumtazama usoni hata mara moja.

Basi mwezi wa tisa, majira miti mingine inapochipua, mti ule ukaanza kupukutisha majani. Siku chache tu kilele kikawa cha kahawia. Glenys aliruka uzio akiwa na kandambili, akaanza kuchakura takataka za majani kwenye shina, na kwenye mikunjo ya chini, pale ambapo mtu asingeinama bila sababu, akayakuta. Matundu, yamepangwa kuuzunguka mti mzima, yamezibwa kwa puti na kupakwa udongo juu. Alikaa chini palepale kwenye majani. Halafu akanyanyuka na hasira yake, akapiga simu halmashauri kabla hata hajanawa mikono.

Ofisa wa miti aliyekuja aliitwa Shane Mulcahy, kijana mkubwa wa mwili mwenye sauti ya upole, aliyekwisha kuona mizoga ya aina hiyo mingi. Alipiga picha, akachukua majani, akaweka utepe. Alimkataza Glenys asizibue hata tundu moja, maabara itakuja kutoa sampuli, akasema pia kwamba mti hauwezi kuokolewa. Glenys aliuliza kuhusu kinda la bundi. Shane akatazama juu kwa muda, akasema wazazi wake wameshaondoka, ameona mara nyingi, kinda likiwa halijui kuruka huachwa. 

Nani kafanya? Swali hilo halikuchukua hata dakika. Goran Vidak, nani mwingine? Goran alikuwa kontrakta wa zege, alikuwa ameinunua nyumba ya jirani mwaka juzi, akaibomoa, akajenga jumba la vioo linalotazama bondeni, kuliko na maji ya ghuba. Alikuwa na sauti ya kuita watu kazini hata akikuomba chumvi. Na mti ule aliutukana hadharani, kwa Kiingereza na kwa lugha ya mama yake, kila tawi lilipodondoka kwenye bwawa lake la kuogelea. Mtaa mzima ulikuwa umeshamchukia kwa sababu ya vioo, kwa sababu ya sauti, na kwa sababu alikuwa hajui kuchukia miti kimya kimya kama wenzake. Sasa wakapata sababu nzuri ya kumchukia wakiwa na dhamiri safi.

Jumapili Glenys aliwaita watu mwisho wa barabara. Glenmarra hakuna mkutano bila jiko la kuchomea nyama, kwa hiyo Merv alileta la kwake, akasimama nyuma ya moshi akigeuza soseji na vitunguu, akiwapa watu na vipande vya mkate. Walikuja wengi. Goran naye alikuja na mkewe, Mirjana, maana hakuna aliyemwambia kwamba mkutano ulikuwa wa kumhusu yeye. Glenys alipanda juu ya ukingo wa barabara akaeleza habari za matundu, na za kinda, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Halafu akanyoosha mkono.

"Wewe ndiye uliyeutukana kila siku. Nyumba yako ndiyo itakayoona maji. Mimi sina ushahidi, lakini nina macho. Nitaomba bango liwekwe mbele ya dirisha la aliyefanya hivi, alitazame asubuhi na jioni, yeye na chai yake, mpaka afe."

Watu walipiga makofi. Mirjana alimshika mumewe mkono, lakini Goran aliweka kipande chake cha mkate mezani taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapo akaongea kwa sauti ya chini.

"Bi Glenys, mti ule nauchukia, sikatai. Ningetaka kuuua ningeukata kwa msumeno mchana kweupe, na wewe ningekualika uje ulie. Mimi sitoboitoboi vitu gizani. Hiyo ni kazi ya mtu anayeogopa."

Wakaguna, mmoja akacheka. Goran na mkewe wakaondoka wakitembea katikati ya barabara. Merv aligeuza soseji.

Yaliyofuata ni yale ambayo watu wastaarabu hufanya. Hakuna aliyemgusa Goran. Waliacha tu kumsalimu. Waliziba njia kwa magari yao mafundi wake walipokuja. Mtu mmoja, na kila mtu alijua ni nani, aliandika MUUAJI kwenye pipa lake la taka, na siku ya taka pipa lile lilisimama barabarani mchana kutwa likisomwa. Mirjana akaacha kutembea na mbwa wake asubuhi. Glenys alipoona pipa lile alisikia raha, tuseme ukweli, raha ya kweli, akaenda zake kununua mkate.

Lakini hasira ni kama njaa, ukishaishibisha inarudi. Ijumaa alirudi kwenye mti. Tundu la bundi lilikuwa kimya, gome limeanza kupasuka, na kasuku weupe walikuwa wakilibandua kwa fujo na kulidondosha chini vipande vipande. Aliliona tundu moja ambalo Shane hakuliona, chini kabisa, nyuma ya mzizi. Alijua amekatazwa. Alitaka tu kuona, aijue sumu iliyotumika, aende nayo dukani akaulize nani aliinunua. Akachokoa puti kwa kijiti, ikatoka nzima nzima kama kizibo cha chupa, na akaingiza kidole.

Kidole kikatoka na rangi ya buluu.

 Alikipangusa kwenye suruali na buluu ikabaki, kama alivyojua kwamba itabaki, maana rangi ile ni yeye mwenyewe aliyeichagua. Muuaji anayejificha hatii rangi kwenye sumu yake, kwa nini atie? Wanaotia ni wao tu. Akaangalia tundu: limeelekea chini, safi, limejazwa bila kusubiri. Toboa, jaza, ziba. Akafikiria kikundi chake, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na mikono mitupu, na chupa ilikuwa kibandani, na kibanda kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Alisimama, akaruka uzio kurudi nyumbani.

Merv alikuwa jikoni, redio inatangaza kriketi, anapaka siagi mkate. Glenys aliweka kidole chake mezani, mbele ya sahani. Merv alikitazama. Akazima redio.

"Nilidhani puti ingeficha," akasema.

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, Glenys. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumbana nayo, na sasa yote yakakosa kazi. Akauliza kwa nini.

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema nini?"

"Siondoki hapa mpaka mti ule uanguke. Ulisema mbele ya ndugu yangu. Ukasema mbele ya daktari. Nimekuomba kwa mdomo, Glen, nimekuomba nikilia, na kila mara umenijibu kwa huo mti. Nikaona kumbe mwenye kauli humu ndani ni mti. Basi nikaenda kuzungumza nao."

Glenys alipiga meza, kisu cha siagi kikaruka. Alimwita mwoga, alimwita mwizi, alimwita majina ambayo wanafunzi wake wa zamani wangezimia kuyasikia. Alimwambia habari za kinda, Merv akasema hakujua kama kuna kinda mwaka huu, na hilo likamkasirisha zaidi, maana alikuwa amemwambia kila siku mezani hapo hapo, naye alikuwa akiitikia ndiyo mpenzi, ndiyo mpenzi. Na ndani ya hasira ile kulikuwa na mwiba mwingine uliomchoma yeye mwenyewe, kwamba wote wawili walikuwa wakiitikiana miaka yote hii na hakuna aliyekuwa akisikia. Hakutaka kuushughulikia mwiba huo wakati ule. Alitaka kupiga kelele, akapiga.

Alipochoka akauliza jambo moja la mwisho.

"Na Goran je? Nilimnyooshea kidole mbele ya mtaa mzima. Wewe ulikuwa unageuza soseji."

"Ulikuwa umeshasema. Ningeanzia wapi?" Merv aliokota kisu, akakifuta kwa kitambaa. "Mwache Goran. Hawakumpenda tangu mwanzo, haongezewi wala hapunguziwi. Yule ana ngozi ngumu."

Wako watu ambao hasira yao ina ngazi, hupanda moja moja. Ya Glenys ilipanda hadi juu kabisa kwa maneno hayo, na ilipofika huko ikawa baridi. Mti Merv aliuua kwa hofu, na hofu yake Glenys aliijua, alikuwa amelala nayo kitanda kimoja. Lakini hili la Goran halikuwa hofu. Hili lilikuwa Glenmarra tupu, ile ya kumwacha jirani abebe mzigo kwa kuwa tayari ameinama. Akachukua kofia yake akatoka, na mlango akauacha wazi.

Goran alifungua geti mwenyewe. Nyuma yake pipa lilikuwa limesuguliwa kwa brashi ya waya, lakini neno lilikuwa bado linasomeka. Glenys alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea, akaonyesha kidole. Akasema samahani. Goran alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono yake mikubwa kifuani.

"Kunituhumu ulinituhumu mbele ya watu wote," akasema. "Samahani unanipa getini, tukiwa wawili?"

Akafunga geti. Hakulibamiza.

Bango lilikuja Jumanne, kwenye lori la halmashauri, pamoja na nguzo na mafundi. Glenys alikuwa amewapigia simu wote waliokuwa kwenye soseji, mmoja mmoja, akiwaambia waje kuona haki ikitendeka, na kwa neno haki Glenmarra hutoka hata aliyelazwa. Walisimama kwenye njia ya nyuma na vikombe vyao vya kahawa, wakimtupia macho Goran aliyekuwa amesimama kwenye varanda yake ya vioo na Mirjana. Shane alikuwa ameshachimbisha mashimo ya nguzo, na bango lilikuwa limeelekezwa sawasawa kwenye jumba la vioo. Merv alikuwepo pia. Mkewe alikuwa amemwambia avae shati safi, naye akavaa bila kuuliza, maana alikuwa anajua.

Glenys akawaambia. Hakupanda juu ya kitu chochote. Alisema sumu ni ya kikundi, imetoka kibandani kwake, na tundu limetobolewa kama alivyofundisha yeye, na aliyetoboa ni mume wake. Alisema Jumapili ile alimsingizia mtu asiye na kosa kwa sababu sauti yake ni kubwa na nyumba yake ni mbaya, na wao wakapiga makofi, na mmoja wao akaandika kwenye pipa, na yeye mwenyewe akapita akafurahi. Alisema mwandikaji anajijua, na brashi ya waya iko kwa Goran, aende akaiazime. Halafu akamgeukia Goran kule juu akasema samahani tena, kwa sauti ile ile aliyomtuhumu nayo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alitazama ndani ya kikombe chake kama kuna nzi. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo ya ndani ya nyumba yangebaki ndani ya nyumba, na Glenys akamwambia mti ulikuwa nje.  Goran aliitikia kwa kichwa mara moja, kidogo sana, akaingia ndani, na Mirjana akabaki.

"Shane," Glenys akasema, "lizungushe."

Shane alikuna kichwa, akaeleza kwamba mashimo yameshachimbwa, tena upande wa pili hakuna mandhari ya maji ya kuziba, kuna dirisha la jikoni tu. Glenys akamjibu kwamba dirisha hilo analijua, ni lake. Shane akamtazama Merv, kana kwamba mwanamume mwenzake angesema neno.  Mafundi wakachimba mashimo mengine, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Jioni walikaa mezani, jikoni, kama kawaida yao. Dirisha lote lilikuwa maandishi. Juu ya bango vilionekana viwiko vya mti, vyeupe, bila jani hata moja, na kasuku wakizozana juu yake. Merv alikuwa hajagusa chai. Macho yake yalikuwa mekundu, na alipoongea aliongea kwa unyenyekevu wa kweli, kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote.

"Tuhame sasa, Glen. Watu hawatatusalimia tena. Hapa pamekwisha. Mti umekufa."

Glenys alimsogezea kikombe. Alikuwa amemuuliza Shane swali moja zaidi mchana, lori likiondoka, na Shane akamwambia jamii ya miti ile ina mbao ngumu, mti ukikauka wima unaweza kusimama muda mrefu kuliko maisha yao wote wawili.

"Umekufa," akasema. "Haujaanguka. Kunywa chai."